Sijida Iliyopelekwa Moshi

Zaidi Kibwana alizaliwa amelala. Hayo si maneno yangu, ni ya marehemu mama yangu, aliyekuwa shangazi yake na ndiye aliyempokea kutoka mikononi mwa mkunga. Watoto wa watu hutoka wakilia. Huyu alitoka akipiga miayo, akapigwa kofi la matakoni, akafungua jicho moja, akawatazama waliokuwepo, akalifunga.

Kwenye chuo cha Kurani alikuwa akisujudu hainuki. Wenzake wanatoa salamu, wanakunja mkeka, yeye yuko palepale chini, kichwa kimelalia upande wa kushoto, matako juu, anakoroma. Mwalimu aliweka fimbo ya mpera kwa ajili yake peke yake. Ikumbukeni fimbo hiyo, maana miaka arobaini baadaye watu wazima wenye ndevu waliniapia kwamba Zaidi tangu utotoni alikuwa akirefusha sijida kwa unyenyekevu.

Mimi ni Fatu, mtoto wa shangazi yake. Kwetu Wazigua mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Naruhusiwa kumnyang'anya sahani ya wali mbele ya wageni, kumtukana sokoni, kumlilia msiba naye yu hai anakunywa chai, na yeye haruhusiwi kukasirika. Akikasirika anachekwa mara mbili. Siku ya harusi yake nilisimama uwanjani nikatangaza kwamba bwana harusi ana mimba ya miezi mitatu, na watu wakaichangia mimba hiyo nepi. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotaka kumng'oa jicho.

Maisha yake hayana mengi. Alilima mahindi na mihogo hapa kwetu upande wa Handeni, akapanda michungwa kumi na miwili, akamwoa Shamimu wa Kerenge, mwanamke mpole ambaye mimi nisingemwoza mtu kama Zaidi, lakini sikuulizwa. Wakazaa mabinti watatu, wote wameolewa. Kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma, karibu na mlango. Karani akiandika waliohudhuria, huandika majina kumi ya mwanzo halafu "na wengineo". Zaidi alikuwa na wengineo mpaka akafika umri wa miaka arobaini na sita.

Halafu ikaja alama.

Mwanzo ilikuwa chembe nyeusi juu ya nyusi ya kushoto, ndogo kama ufuta. Shamimu alidhani ni kupe. Alimshika mume wake kichwa, akambana kwa magoti, akajaribu kumng'oa kupe huyo kwa kibanio cha nywele mpaka Zaidi akakimbilia shambani. Kupe hakutoka. Mwaka wa pili alikuwa mkubwa kama mbegu ya mbarika, mweusi, anang'aa.

Ijumaa moja Zaidi alikwenda msikitini kumtafuta mtu aliyemwazima pampu ya baiskeli. Kwa kuwa alikwenda na shida yake, aliwahi, na kwa kuwa aliwahi, akajikuta safu ya mbele. Sala ilipokwisha mzee Hussein, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa sauti, akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mashaallah! Tazameni paji la huyu. Tazameni sijida!"

Watu wakatazama. Zaidi, kwa uvivu wake wa kawaida, hakubisha.

Basi. Kufikia mfungo uliofuata Zaidi alikuwa akiombwa kusoma dua kwenye kila kitu. Harusi haiondoki bila Zaidi. Watoto wakitahiriwa, Zaidi. Mama mmoja alileta kuku wake wasiotaga, akamwomba awatazame tu, si lazima aseme kitu. Waliogombea mpaka wa shamba walimweka katikati ya shamba wakamwambia aelekeze uso, kule utakakoelekea ndiko uliko mpaka, kwa sababu paji kama lile halisemi uongo. Zaidi alipiga chafya, uso ukageuka kushoto, na mpaka uko kushoto hadi leo.

Nilimuuliza mzee Hussein, "Babu, sijida gani hiyo inayokaa pembeni? Watu husujudu kwa katikati ya uso."

"Anaelekea upande wa moyo," akanijibu. "Wewe utayajuaje?"

Sasa, la kushangaza kuliko yote, alama ile ilimfundisha Zaidi kusali. Mtu mwenye sijida kubwa hivyo akikosekana alfajiri, watu wanakuja kumgongea wakidhani amekufa. Wiki ya kwanza aligongewa mara tano. Akaona afadhali aamke mwenyewe. Na kwa vile sasa alikuwa akisali, watu waliona alama na sala vikienda pamoja, wakazidi kusadiki, bila mtu hata mmoja kuuliza kipi kilitangulia.

Wivu nao ukaingia. Wanaume watatu, sitawataja, wake zao ni wateja wangu wa choroko, walianza kusujudu juu ya gunia la katani badala ya mkeka, wakisugua. Katani mnaijua. Wiki mbili tu mapaji yao yote yalikuwa yamechunika, wakaenda zahanati, nesi akawapaka dawa ya zambarau. Basi ikawa ukitazama safu ya mbele Ijumaa unaona Zaidi mweusi katikati na mapaji matatu ya zambarau kandokando, utadhani timu ya mpira.

Mimi nilikuwa nacheka kama wengine. Niliacha kucheka siku ambayo Shamimu alinionyesha kofia.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani kwake. Akaingia ndani akatoka na kofia nyeupe, akaigeuza ndani nje. Kulikuwa na duara la damu, limefifia, na juu yake lingine bichi.

"Wifi Fatu, hii nimeifua mara nne mwezi huu. Pahala palepale."

"Anajikuna?"

"Hajikuni. Akijifuta uso kwa taulo, inatoka. Inafunga, kimya siku kadhaa, naona imepona. Halafu tena."

Nikasubiri Zaidi arudi nikamtazama kwa karibu, si kwa macho ya utani. Mimi kazi yangu ni kuchambua choroko na maharage, nauza Korogwe siku za soko, na mtu wa kazi hii anajua kwamba punje mbovu si lazima iwe imekunjamana. Kuna inayong'aa kupita wenzake, na hiyo ndiyo unaitupa kwanza. Alama ya Zaidi iling'aa kwa namna hiyo. Ukingo wake ulikuwa umeinuka kidogo kama wa ungo, katikati kumebonyea, na kwenye kibonde hicho kulikuwa na kigaga. Sijida za wazee wetu nazijua: kavu, ngumu, zimefubaa kama goti la mbuzi. Hii ilikuwa kitu kingine.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, nikasimama pale nje nikasema kwa sauti, "Jamani, nisikilizeni. Ile si sijida. Ni kidonda, kinatoka damu, na kinaelekea jichoni."

Wakacheka mpaka mzee Hussein akashika ukuta.

"Sifanyi utani," nikasema.

Wakacheka zaidi. Ndivyo mtani anavyosema siku zote.

"Wallahi ni ugonjwa!" Na machozi yakanitoka, mimi Fatu, ambaye sikulia hata nilipovunjika mkono.

"Eeh, leo ameleta na machozi!" akasema mmoja wa wale wa zambarau. "Huyu mama angekuwa kwenye televisheni!"

Nikarudi nyumbani. Nilikaa nikaihesabu mizaha yangu yote ya miaka arobaini, mimba ya harusini, ukoma niliomtangazia mwaka wa njaa, matanga mawili niliyomwekea. Nani angeniamini? Hata mimi nisingeniamini.

Siku ya soko nikampelekea Simeo kiatu. Simeo ni fundi viatu pale Korogwe, babu yake aliletwa kukata mkonge. Ni mtu mwenye ualbino, hukaa chini ya turubai na kofia pana kama sinia, mikono mirefu ya shati hata jua la Februari.

"Shikamoo, mama Fatu. Mpaka lini utavaa viatu vya kuzikiwa?"

"Marahaba. Mpaka utakapojifunza kushona vikadumu."

Nikamweleza habari ya Zaidi huku akivuta uzi. Nilipofika kwenye damu ya kofia, mkono ukasimama.

"Kinang'aa?"

"Kama nyonyo iliyopakwa mafuta."

"Kina muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Kinauma?"

"Hata kidogo."

"Hapo ndipo kinapowapata watu, mama. Kingeuma wangekikimbiza hospitali siku ya kwanza." Akavua kofia, akalikunja sikio. Nyuma yake kulikuwa na kovu dogo safi. "Hapa kilikuja kama lulu ya mkufu, cha waridi. Hicho kila mtu anakijua, hata muuza duka la dawa. Lakini hapa begani kilikuja bapa, chekundu, kina magamba. Miezi minane napaka dawa ya choa. Choa gani kisichowasha? Na hapa," akagusa kando ya pua, "hapa ndipo kilipotaka kunizika. Kilikuwa cheupe, kigumu kama nta ya mshumaa. Kovu kabisa. Nikajiambia labda nilianguka nikiwa mdogo. Kovu bila ajali, na mimi nikalitafutia ajali! Daktari akaniambia aina hiyo hujificha, juu unaona kidogo, chini imeshatambaa mara mbili yake. Yote matatu ni saratani ileile ya ngozi, mama. Ina nguo nyingi."

"Cha Zaidi ni cheusi ti."

Akafikiri. "Cheusi sijawahi kuona. Ngozi yangu mimi haina weusi wa kukigawia. Labda kwa mtu mweusi kinajipaka rangi ya mwenye nyumba." Akanirudishia kiatu. "Jumatano ya mwisho wa mwezi wanakuja madaktari wa ngozi hapa hapa mjini, wanatuangalia sisi. Mlete."

Kumleta! Nilimfuata Zaidi kwenye michungwa yake, tukiwa wawili tu. Nikamwambia yote, sikio la Simeo, bega la Simeo, pua ya Simeo. Alisikiliza huku akimenya chungwa taratibu, ganda halikukatika.

"Nimekusikia," akasema.

"Haya, Jumatano nakupitia."

"Siendi."

"Unafikiri ni utani?"

"Najua si utani. Wewe ukitania hupepesi macho. Siendi tu." Akaniwekea ganda mkononi. "Fatu, unaukumbuka mkutano wa kisima, ule wa zamani?"

"Naukumbuka."

"Nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Nilisema. Nilisema wachimbe kule kwenye mkuyu. Nilisema mara mbili. Hakuna aliyegeuka. Wakachimba shuleni, wakakuta mwamba. Mwaka huu nimesema maneno yaleyale, na hii ikiwa usoni. Wamechimba kwenye mkuyu, na maji unayachota wewe mwenyewe. Maneno ni yaleyale, Fatu. Kilichoongezeka ni hii." Akaigusa. "Ikikatwa, nitarudi kule nyuma mlangoni."

"Na jicho?"

"Ninayo mawili."

Nilimwacha pale. Njia nzima nilimtukana, halafu nikajitukana mimi, halafu nilipofika karibu na kisima nikasimama. Ukweli wangu watu wanauita utani. Basi nikaona niwape utani, uwabebe wenyewe mpaka kwenye ukweli.

Kulikuwa na hitima Jumapili. Watu wamekula pilau, wameshiba, wamelegea. Zaidi amekaa mkeka wa mbele kando ya Ustadhi Mustapha, imamu wetu, mtu wa maneno machache anayevaa kofia hata akioga, ndivyo tunavyosema. Nikasimama.

"Enyi watu wa hitima! Mimi mtani wake nimechoka kunyamaza!"

"Lini ulinyamaza?" akadakia mzee Hussein.

"Ile si sijida! Ni lami! Ameiokota barabara ya Korogwe walipokuwa wakiziba mashimo, akaibandika usoni ili ale pilau ya mbele!"

Kicheko. Zaidi naye akacheka, tena kwa raha, maana aliona nimerudi kwenye upuuzi wangu.

"Mnacheka? Jumatano Korogwe kuna wataalamu wa ngozi, wana kioo kinachoona mpaka ndani. Wakisema ni lami, Zaidi atazunguka kijiji chote na sufuria langu la bada ya muhogo kichwani. Wakisema si lami, mimi nitambeba mgongoni!"

"Fatu," akasema Ustadhi Mustapha, "hapa hatuwekeani dau."

"Si dau, ustadhi, ni utani. Kwenye dau mtu hupata kitu. Mimi nitapata kiuno kuuma tu."

"Atambeba! Atambeba!" Watu wameshasimama. Mzee Hussein akapiga bakora chini: "Tunakwenda wote! Sijida ya kijiji hiki haitaitwa lami na mwanamke! Zaidi, unakwenda?"

Zaidi alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama, na nikaona ameelewa. Akienda, kioo kitaona. Asipoenda, basi ni lami. Nilimfunga kwa kamba yake mwenyewe.

"Nakwenda," akasema kwa sauti ndogo.

Tulikwenda watu thelathini na mmoja kwenye fuso la machungwa. Wale watatu wa zambarau walipanda pia, wakitaka na zao zipimwe.

Nesi wa mapokezi alitoka mlangoni, akaliona fuso, akarudi ndani, akatoka tena.

"Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa," akasema mzee Hussein. "Tumekuja kupima sijida."

Kwenye benchi walikuwepo watu wengi wenye ualbino wakisubiri zamu, na Simeo kati yao. Akanikonyeza, akatusogezea nafasi. Tukaingia chumbani watatu, Zaidi, Shamimu na mimi. Waliobaki wakajaa dirishani.

Daktari aliitwa Evodia, mwanamke mfupi, sauti ya chini, mikono baridi. Alimwamkia Zaidi, akachukua kidude kidogo chenye taa na kioo, akakibandika kwenye alama, akaweka jicho. Akakaa muda mrefu. Akamwita mwenzake, naye akachungulia. Wakaomba ruhusa ya kuipiga picha.

"Wanaipiga picha!" tukasikia dirishani. "Mashaallah!"

"Baba," akasema Daktari Evodia, "hii si lami."

"Nilimwambia huyu," akasema Zaidi.

"Na si sijida."

Zaidi akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Sijida ni ngozi iliyoota sugu. Iko kavu, haina ukingo, haitoi damu. Hii ni saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye tabaka la chini. Kwa watu wenye ngozi nyeusi ni nadra sana, na ikija huja nyeusi hivihivi. Basi watu huiita baka, huiita sunzua. Hii yenu ndiyo mara ya kwanza naikuta inaitwa ibada. Humu ndani ya kioo naona madoa ya kijivu yamepangwa pembeni kama majani. Haina haraka, na ni mara chache sana kwenda mbali mwilini. Lakini inakula pale ilipo, haiachi, na imebakiza upana wa kidole kufika kwenye kope. Tukiikata leo jicho liko salama. Mwaka kesho sijui. Kipande tutakipeleka maabara kuhakikisha."

"Mkikata itabaki alama?"

"Litabaki kovu."

"Linafanana na sijida?"

Daktari akanitazama mimi, nikatazama dari.

"Hapana, baba. Litafanana na kovu."

Dirishani wale wa zambarau walikuwa wamebandika mapaji yao kwenye kioo ili yaonekane. Zaidi aliwatazama kwa muda.

"Fatu," akasema, "tangu mfungo ule sijakosa alfajiri."

"Najua."

"Nilianza kwa sababu yao hao."

"Hilo nalo najua."

"Sasa hata nikitaka kulala siwezi. Usingizi unakatika wenyewe."

Shamimu, ambaye maisha yake yote sijamsikia akiinua sauti, akasema, "Daktari, kata. Mimi nimechoka kufua kofia."

Zaidi akapumua. "Kata, daktari. Macho ninayo mawili, lakini nimeshayazoea yote."

Wakamchoma ganzi ya usoni tu, wakamlaza. Nesi alituambia baadaye kwamba katikati ya kukatwa mgonjwa alianza kukoroma, ikabidi wamshike kichwa kisilalie kushoto.

Alipotoka na bandeji, mzee Hussein alimzuia nesi mlangoni. "Iko wapi?"

"Iko kwenye chupa, mzee. Inakwenda maabara, Moshi."

"Moshi!"

Neno hilo lilitoka mlangoni likafika kwenye fuso kabla yetu, na lilipofika lilikuwa limenenepa: Moshi wameisikia, Moshi wameiomba, wataalamu wa Moshi wanataka kuona sijida ya Handeni. Nikafungua kinywa niseme ukweli, nikakifunga. Nani angenisikiliza?

"Ilikuwa lami?" akauliza mzee Hussein.

"Haikuwa lami," nikasema.

"Basi beba!"

Nilimbeba. Mbele ya benchi lote, mbele ya manesi, Simeo akinishikia kanga isidondoke. Hatua kumi na saba hadi kwenye fuso. Zaidi ni mwembamba lakini mifupa yake ina uzito wa uvivu.

"Pole pole, mtani," akaninong'oneza sikioni, "nina nyuzi sita usoni."

"Funga mdomo, maiti huwa haongei."

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Ilikuwa ndiyo yenyewe, na wameitoa yote, arudi baada ya miezi sita watazame. Ijumaa hiyo Zaidi, kovu lake likiwa bado jekundu, alimwomba Ustadhi Mustapha ruhusa ya kusema neno baada ya sala. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu wa pazia. Nikasikia sauti yake, nikasogea mpaka kwenye pazia, kwa kuwa nilijua angeweza kunyamaza tu. Moshi ingembeba mpaka kaburini.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi utotoni sikurefusha sijida kwa ibada, nilikuwa nalala tu. Mnanijua. Ile haikuwa sijida. Ilikuwa kansa. Ilikuwa kansa tangu siku ile mzee Hussein aliponishika kidevu. Nilijua inatoka damu nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza. Mwenye kitu kinachong'aa, kisichopona, kinachotoka damu na kufunga, aende Korogwe Jumatano. Hata kama kinafanana na kitu kizuri. Nimemaliza."

Nikasikia mzee Hussein anaanza kucheka, na wengine wakafuata, msikiti mzima, cheko la kuridhika kabisa.

"Kansa!" akasema mmoja wa zambarau. "Zaidi naye! Fatu amemwambukiza!"

"Sitanii," akasema Zaidi.

Wakacheka zaidi.

Nilishika pazia. Sikucheka. Mara ya kwanza katika maisha yetu mimi na yeye tulikuwa tumekula sufuria moja.

Watu wakatoka, wakimpigapiga mgongoni. Mimi nilibaki nikitafuta ndara yangu moja, na ndiyo maana nilisikia yaliyobaki. Upande wa pili wa pazia walikuwa wamebaki watu wawili.

"Zaidi," ilikuwa sauti ya Ustadhi Mustapha, "hebu kaa."

"Nimekosea kusema msikitini, ustadhi?"

"Mtu hazui jambo la kujiaibisha hivyo. Kaa." Nikasikia kofia ikivuliwa, kofia ambayo sijawahi kuiona ikivuliwa. "Nitazame hapa utosini. Mwaka mzima napaka dawa ya choa. Nakuuliza wewe, unaonaje?"

Nilimsikia Zaidi akisogea, akishusha pumzi puani kama mtu anayetazama kitu kwa makini.

"Kinawasha?"

"Kinawasha sana."

"Kinatoka damu?"

"Nikikikuna."

"Sijui, ustadhi. Mimi sijui. Twende Jumatano wakakiangalie."

"Twende," akasema imamu. Kisha akashusha sauti. "Lakini usimwambie Fatu."

Jumatano tulikodi bodaboda tatu, mimi ya mbele. Daktari Evodia alimvua Ustadhi Mustapha kofia, akabandika kidude chake, akatazama, akakwangua kidogo, akaandika. Kilikuwa choa. Alikuwa akipaka dawa juu juu kwa mwaka mzima wakati choa cha kichwani kinataka vidonge. Akapewa vidonge.

Ustadhi alikasirika njia nzima kwamba kumbe ni choa tu. Zaidi aliketi nyuma ya pikipiki yake, kovu limeelekea barabarani, akimliwaza kwa sauti ya juu ili asikike kwenye upepo: "Si kitu, ustadhi! Umefanya vizuri kuuliza! Si kitu!"